Kuruka kozi kwa mtihani mmoja: jibu kwa binti anayekwenda kusoma chuo Marekani

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimemaliza kidato cha sita, mchepuo wa EGM (uchumi, jiografia na hesabu), na nimepata chuo Marekani kwa ufadhili wa nusu ada. Nusu iliyobaki nyumbani wanachangishana. Kaka mmoja aliyenitangulia ameniambia mambo mawili. Kwanza, kwamba kule unaweza kulipia mtihani mmoja na ukifaulu unaruka kozi nzima, na yeye anatarajia kumaliza shahada kwa miaka mitatu. Pili, kwamba mitihani ya mwisho wa muhula haina uzito kama pepa zetu. Ni kweli? Na nianze kupiga msuli sasa, au nisubiri nifike?

Jibu: Marahaba mwanangu, na hongera. Kaka yako hakukudanganya, ila katika yote mawili amekupa nusu ya habari.

Nimekaa miaka mingi katika ofisi ya ushauri wa masomo nikipokea wanafunzi wanaotoka kwetu, na tunateleza palepale kila mwaka. Sisi tumelelewa na pepa moja kubwa. Unasoma miaka miwili, unaamuliwa kwa wiki chache. Kule Marekani kozi ya kawaida haiendi hivyo hata kidogo. Lakini ukitaka kuiruka kozi, basi inakwenda hivyo hasa: pepa moja, hakuna kingine kinachotazamwa. Kwa hiyo mazoea uliyo nayo ni mtaji mahali pamoja na ni mtego mahali pengine. Wengi wanauacha mtaji na kuuvamia mtego.

Nianze na mtaji. Shahada ya kwanza kule huhesabiwa kwa krediti, kwa kawaida 120, na kozi nyingi zina krediti 3. Krediti moja ina maana ya saa moja darasani kila wiki pamoja na saa mbili za kujisomea, kwa wiki kama 15. Piga hesabu: kozi ya krediti 3 inakudai saa 135. Mtihani wa kuiruka unakudai dakika 90. Ndiyo maana habari hii inawasisimua watu, na ndiyo maana vyuo vimeizungushia ua.

Mtihani ambao kaka yako anausema bila shaka ni CLEP, unaotolewa na College Board, haohao wenye SAT, mtihani wa kuombea nafasi vyuoni. Umekuwepo tangu miaka ya 1960 na sasa ni mitihani 34 ya masomo tofauti. Unafanywa kwenye kompyuta, na karibu yote ni maswali ya kuchagua. Jibu lisilo sahihi halikupunguzii alama, kwa hiyo usiache swali wazi hata moja. Alama zinaanzia 20 hadi 80, na Baraza la Elimu la Marekani, ACE, linapendekeza vyuo vihesabu 50 kuwa kufaulu. Hiyo 50 si asilimia. Ni alama ya mizani, iliyopangwa ilingane na mwanafunzi aliyekaa darasani muhula mzima akapata C. Chuo kina hiari ya kudai zaidi ya hapo, au kutoutambua mtihani kabisa. Matokeo ya mitihani mingi unayaona kwenye skrini palepale ukimaliza. Ule wa insha ndio unaosubiriwa. Ukishindwa huandikiwi F popote. Unapoteza ada yako, na unasubiri miezi mitatu kabla ya kuurudia.

Ada yenyewe ni karibu dola 100, na kituo cha mtihani huongeza chake juu. Hapa nikupe jambo ambalo ofisi nyingi hazilitangazi: lipo shirika lisilo la faida linaloitwa Modern States, linalotoa masomo ya kujiandaa na mitihani hii bure mtandaoni, na ukimaliza somo linakupa hati ya kulipia ada ya mtihani. Nimeona wanafunzi wakilipa mia yao, kisha wakalijua hilo baada ya mwezi.

Kwa mtu wa EGM mitihani ya kuitazama kwanza ni ya uchumi, ule wa uchumi mpana na ule wa uchumi mdogo, na ya hesabu: aljebra ya chuo, ile ya kutangulia kalkulasi, na kalkulasi yenyewe, ambayo ACE huipendekezea krediti 4. Mengi yaliyomo umeshayasoma. Kinachowasumbua watu wetu ni namna ya kuulizwa. Umefundishwa kuandika hoja sita, utangulizi na hitimisho. Hapa unapewa maswali kama 80 ya uchumi kwa dakika 90, zaidi kidogo tu ya dakika moja kwa swali, na mengi yana grafu: mstari wa mahitaji umesogea kulia, bei imekwenda wapi? Anayejua kueleza mfumuko wa bei kurasa tatu anaweza kukwama hapo. Dawa yake ni kufanya maswali mengi ya majaribio huku saa inahesabu. Kusoma daftari upya hakutakusaidia sana. Mtihani wa serikali ya Marekani au wa historia ya Marekani uweke mbali kwa sasa. Huko wenzako waliozaliwa kule wamekutangulia kwa miaka kumi na miwili ya shule.

Kuna Kiswahili pia, na hapa watu wetu wanaacha mali ikiwa imelala. Vyuo vingi vinadai mwanafunzi asome lugha ya kigeni mihula miwili hadi minne. CLEP ina Kifaransa, Kijerumani na Kihispania tu. Lakini ACTFL, chama cha walimu wa lugha za kigeni huko, ina mtihani wa mazungumzo, na Kiswahili kimo. Unahojiwa kwa simu na mtahini aliyefunzwa, anakupandisha ngazi kwa ngazi mpaka ajue unapofikia, na ACE hupendekeza krediti kulingana na ngazi uliyofika. Usiingie ukidhani kwa kuwa umezaliwa nacho basi umeshafaulu. Mtahini atakutoa kwenye habari za nyumbani na sokoni, akutake utetee hoja, useme ingekuwaje kama sera fulani isingekuwepo, kwa lugha iliyonyooka. Anayechanganya Kiingereza kila sentensi ya pili hushushwa.

Ila angalia neno moja. Chuo kinaweza kukujibu kwamba kwa kuwa Kiingereza si lugha yako ya kwanza, umesamehewa sharti la lugha. Utafurahi. Msamaha, hata hivyo, si krediti. Msamaha unakuondolea sharti tu. Zile krediti ambazo ungezipata kwenye kozi za lugha bado unatakiwa kuzijaza kwa kozi nyingine. Uliza kwa maneno hayohayo: nimesamehewa, au nimepewa krediti?

Mkanganyiko wa namna hiyo uko pia kwenye mitihani ya kupangiwa ngazi. Ukifika, au hata kabla ya kufika, chuo kitakufanyisha mtihani wa hesabu mtandaoni, mara nyingi kwa programu iitwayo ALEKS. Ukifanya vizuri utaambiwa umeruka aljebra, anza na kalkulasi. Wanafunzi wetu hupiga simu nyumbani kutangaza kwamba wameruka kozi. Hawajaruka kitu cha kuhesabika. Wamepangwa ngazi ya juu, jambo jema, lakini kwenye rekodi hakuna krediti hata moja iliyoongezeka. Upo tena mtihani wa idara yenyewe: unamwendea mkuu wa idara, unaomba kuiruka kozi fulani kwa mtihani walioutunga wao, na ukifaulu wanakupa krediti. Vyuo vingine hutoza ada ndogo kwa hilo, vingine hutoza kwa kila krediti. Kuna DSST, iliyoanzia jeshini na sasa iko wazi kwa raia, inayofanana sana na CLEP lakini ina masomo ambayo CLEP haina. Na kuna AP, mitihani ya ngazi ya chuo, ambayo utaisikia kila siku kwa sababu wenzako waliifanya sekondari, kila mwezi wa Mei, kwa alama za 1 hadi 5. Hiyo imeshakupita, usiihangaikie.

Lakini kabla hujalipia chochote, peleka cheti chako cha kidato cha sita kwa msajili na uombe kipimwe. Vipo vyuo vinavyotoa krediti kwa masomo ya ngazi hiyo, na hakuna mtihani mwepesi kuliko ule uliokwisha kuufaulu.

Sasa ua nilioutaja. Kuna kijana mmoja, mtu wa uhandisi, alifaulu mitihani mitano kwa miezi minne. Krediti 15! Chuo kikazipokea zote, kikaziandika zote kuwa kozi za hiari. Shahada ya uhandisi ina nafasi finyu sana za kozi za hiari. Krediti zake zikabaki kama wageni watano waliofika kwenye chumba kimoja cha kupanga: wamekaribishwa, ila hawana pa kulala. Hakupunguza hata kozi moja. Kwa hiyo usiulize tu kama chuo kinapokea CLEP. Uliza mtihani huu unasimama badala ya kozi ipi, yenye namba gani, na kozi hiyo inakaa wapi kwenye shahada yangu. Vyuo vingi vina jedwali la mambo hayo kwenye tovuti. Texas na Florida sheria za majimbo zinavitaka vyuo vya umma viwe na utaratibu wa kutoa krediti hizi, kwa hiyo huko majibu hupatikana upesi. Kadiri chuo kinavyochuja zaidi wanaoingia, ndivyo kinavyoelekea kuwa kigumu kupokea mitihani ya nje.

Kuna ukomo pia. Chuo huweka idadi ya juu ya krediti za mitihani, na mara nyingi hudai krediti kama 30, pengine zile 30 za mwisho, zisomwe kwake. Mara nyingi hukubaliwi kuruka kozi uliyokwisha kuianza, au ya chini ya ile uliyokwisha kuisoma. Ukihama chuo, chuo kipya kinakupima upya na hakifungwi na uamuzi wa kile cha kwanza. Na kama una ndoto ya udaktari wa binadamu, acha kabisa kuruka kemia na biolojia. Vyuo vya tiba hupenda kuona umezisoma maabara na una alama.

Alama yenyewe ina jambo lake. Krediti ya mtihani haina A wala B. Inaingia kama umefaulu, basi, haigusi GPA, yaani wastani wa alama zako zote. Wewe una ufadhili, na ufadhili kwa kawaida una GPA usiyotakiwa kushuka chini yake. Mwaka wa kwanza utakuwa na baridi, lafudhi za walimu, na kozi za kuandika ambazo hujawahi kuziona. Kozi ya hesabu ambayo ungepata A ukiwa unasinzia ni mto wa kuegemea mwaka huo. Ukiiruka, unabaki na kozi ngumu peke yake zikikuamulia GPA. Sikukatazi. Nasema ujue unachouza.

Maoni yangu, na wenzangu wengine hawakubaliani nami: ruka kilicho mbali na fani yako, kaa darasani kwa kilicho karibu. Kama utasoma uchumi, usiruke uchumi mdogo hata kama unaujua. Ndiko mwalimu wa idara anakokufahamu jina, na mwaka wa tatu ukihitaji barua ya kukupendekeza, mtihani wa kompyuta haukuandikii barua. Na kalkulasi, fanya kwanza mtihani wa majaribio. Ukipita juu sana ya 50, ruka. Ukiipata 50 kwa shida, ujue unaruka ngazi ya chini ya ile unayokwenda kuikanyaga, na mwalimu wa kalkulasi ya pili hatarudi nyuma kwa ajili yako.

Halafu viza. Kaka yako pengine hakulitaja kwa sababu halijamfika. Mwenye viza ya F-1, yaani ya mwanafunzi, anayesoma shahada ya kwanza anatakiwa asajili angalau krediti 12 kila muhula, na kozi ya mtandaoni inayoruhusiwa kuhesabiwa humo ni moja tu. Krediti za CLEP hazihesabiwi kabisa kwenye hizo 12, kwa sababu hukusajili kozi, umefanya mtihani. Usije ukasajili krediti 9 ukajidai kwamba 3 nyingine umezipata kwa mtihani. Unakuwa umevunja masharti ya viza huku unadhani umebana matumizi. Muhula wa mwisho, zikiwa zimebaki krediti chache tu za kumaliza, hapo hulegezwa, lakini ofisi ya wanafunzi wa kimataifa iwe imekuandikia kabla.

Na hapohapo ndipo ilipo hesabu ya pesa ambayo wengi hawaifanyi. Vyuo vingi hutoza ada moja kwa muhula kwa yeyote mwenye krediti kati ya 12 na 18 hivi. Ukiruka kozi moja ukasajili nne badala ya tano, bili ni ileile. Pesa huokoka siku unapoondoa muhula mzima. Muhula ni krediti kama 15, yaani mitihani minne au mitano iliyopata pa kukaa. Miaka mitatu ya kaka yako inadai krediti 30: mitihani kama kumi, au mitano pamoja na kozi za kiangazi. Inawezekana. Mimi kwa mtu wa EGM ningelenga muhula mmoja, na chochote kitakachozidi kiwe bahati.

Sasa mtego, yaani mitihani ya kawaida ya mwisho wa muhula.

Vyuo vyetu vingi hugawa 40 ya kazi za muhula na 60 ya mtihani wa mwisho, na ukianguka kuna sapu, yaani mtihani wa marudio. Kule mtihani wa mwisho mara nyingi ni sehemu ya robo hadi theluthi ya alama, na kozi nyingine hazina mtihani kabisa, kuna insha ndefu au mradi. Kaka yako anasema hauna uzito. Fuata mfano huu. Kozi ina kazi za nyumbani 20, majaribio mafupi 10, mitihani miwili ya katikati 20 kila mmoja, na wa mwisho 30. Mwanafunzi wetu anafika Septemba, anaona kazi za nyumbani ni vitu vidogo, anasubiri wiki ya mwisho akeshe kama alivyokesha kwa ajili ya mitihani ya taifa ya NECTA. Kufikia Desemba ana nusu ya zile 70 za mwanzo, yaani 35. Anakesha kweli, anapata 30 kwa 30. Jumla 65. Kwenye vyuo vingi hiyo ni D. Amefanya mtihani wa mwisho bila kosa hata moja, amepata D.

Na sapu hakuna. Nalirudia kwa sababu kila mwaka yupo anayekuja ofisini kuuliza sapu ni lini. Ukipata F unairudia kozi nzima muhula mwingine, na unailipia. Kilichopo badala yake ni mlango wa kutokea mapema: hadi tarehe fulani, mara nyingi baada ya katikati ya muhula, unaweza kuiacha kozi ukaandikiwa W, yaani umejitoa, isiyogusa GPA. Wewe wa F-1 usiupite mlango huo kabla ya kuuliza ofisi ya wanafunzi wa kimataifa, usije ukashuka chini ya 12. Ukiugua karibu na mtihani, mwalimu anaweza kukuandikia I, kwamba kazi haijakamilika, ukaimalizia baadaye. Hiyo huombwa kabla ya mtihani. Ukiufanya mtihani ukiwa mgonjwa kisha ukalalamika, umechelewa.

Yote haya yanaandikwa kwenye silabasi ya siku ya kwanza. Kwetu silabasi ni orodha ya mada. Kule ni kama mkataba: uzito wa kila kazi, adhabu ya kuchelewa, siku ya mtihani. Isome kama mkataba wa nyumba.

Wiki ya mitihani ina ratiba yake, tofauti na ratiba ya vipindi. Kozi ya Jumatatu saa nne asubuhi inaweza kutahiniwa Alhamisi usiku. Vyuo vingi vina kanuni kwamba ukiwa na mitihani mitatu siku moja unaweza kuomba mmoja uhamishwe, ila uombe wiki kadhaa kabla. Tiketi ya ndege si sababu. Mwambie mama asikukatie tiketi ya Krismasi kabla hujaiona ratiba. Nimeona machozi mengi hapo.

Jambo ambalo litakushangaza zaidi ni kwamba anayekufundisha ndiye anayetunga, na ndiye anayesahihisha. Hakuna baraza, hakuna mtahini wa nje. Swarthmore, chuo kidogo cha Pennsylvania, ni cha pekee: tangu 1922 wanafunzi wake wa programu ya Honors hutahiniwa na wasomi wanaotoka nje ya chuo. Na Chuo Kikuu cha Chicago kiliwahi kujaribu mfumo unaofanana na wetu. Mwaka 1931, chini ya rais wake Robert Maynard Hutchins, kiliamua kwamba kuhudhuria darasani ni hiari, kinachoamua ni mtihani mkubwa wa jumla uliotungwa na bodi, na mwanafunzi anaufanya akiwa tayari. Ungejisikia nyumbani. Lakini huko ni kando. Chuo chako karibu hakika hakiko hivyo.

Kwa kuwa mtunzi ni huyohuyo mwalimu, kumfahamu ni sehemu ya kujiandaa. Ana saa za kuonana na wanafunzi, zimeandikwa mlangoni na kwenye silabasi. Watoto wetu hawaendi, wanaona ni kujipendekeza. Wenzao wanakwenda kila wiki na maswali yao, na mwalimu anawaambia wazi ni sura zipi zina uzito na insha iliyopita ilipungukiwa nini. Wengine hutoa hata mitihani yao ya miaka iliyopita. Ukikaa chumbani kwa heshima, heshima hiyo haionekani na mtu.

Mitihani yenyewe ina sura nyingi. Kuna ya kompyuta inayofungia kila kitu kingine kwenye skrini. Kuna ya kupeleka nyumbani kwa siku mbili, na ya kufungua vitabu, ambayo jina lake linadanganya: swali la kufungua vitabu halina jibu kitabuni. Tangu programu za kuandika insha zienee, walimu wengi wamerudi kwenye mwandiko wa mkono ndani ya vile vidaftari vyenye gamba la buluu, na wengine kwenye mtihani wa mdomo. Wapo pia wanaotahini kwa kamera. Chuo kimoja cha umma cha Cleveland kilimtaka mwanafunzi azungushe kamera chumbani mwake kabla ya mtihani, na mwaka 2022 jaji wa shirikisho akaamua kwamba huko ni kumpekua kinyume cha katiba. Upande wa pili kabisa, Haverford huwaachia wanafunzi wajipangie wenyewe saa ya kufanya mitihani mingi ya mwisho, bila msimamizi chumbani, kwa ahadi ya uaminifu waliyoisaini.

Ahadi hiyo iko karibu kila chuo kwa namna yake, na inatukamata mahali tusipotarajia. Sisi tumesoma kwa discussion: watu sita, ubao mmoja, jibu la mmoja ni la wote. Kwenye kujiandaa, endelea hivyo, ni nguvu yetu. Lakini kwenye mtihani wa nyumbani, au hata kazi ya nyumbani isiyosema mshirikiane, majibu mawili yanayofanana ni kesi ya nidhamu, na aliyetoa jibu anaadhibiwa sawa na aliyelipokea. Silabasi isiposema, muulize mwalimu kwa barua pepe ili jibu liwe kwenye maandishi.

Kama una tatizo la macho, la usomaji au la afya linalokupunguzia kasi, sheria ya 1990 ya watu wenye ulemavu inakupa haki ya marekebisho kama muda wa ziada. Jiandikishe ofisi husika wiki ya kwanza. Na matokeo hayabandikwi ukutani. Sheria ya 1974 inayafanya yawe siri yako. Hata baba akipiga simu chuoni hatajibiwa bila ruhusa yako ya maandishi. Mweleze mapema, asije akadhani umemfungia.

Sasa, uanze lini? Kujisomea anza leo, kwa yale ya Modern States ya uchumi mpana na kalkulasi, maana hayana gharama. Mtihani usiufanye mpaka uwe na jibu la chuo. Vyuo vingi vina kituo cha mitihani palepale chuoni, na likizo ya Desemba hadi Januari ni wakati mzuri: umeshauona muhula mmoja, bweni ni kimya. Siku ya kujisajili jaza jina la chuo chako kwenye nafasi ya kutumiwa matokeo; hapo ni bure, baadaye ni kwa kulipia. Nenda na pasipoti.

Barua pepe kwa msajili iwe fupi, kwa Kiingereza cha kawaida, na iulize haya: je, cheti cha kidato cha sita cha Tanzania kinapewa krediti, mtihani wa CLEP wa uchumi mpana na wa kalkulasi unasimama badala ya kozi zenye namba gani kwa fani niliyochagua, alama ya chini ni ngapi, ukomo wa krediti za mitihani ni ngapi, na je, ufadhili wangu ni wa mihula minane tu au unaweza kuguswa nikimaliza mapema. Nakala impelekee mshauri wa wanafunzi wa kimataifa. Itume wiki hii, maana ikifika Agosti ofisi ya msajili inakuwa na foleni hadi nje, na barua ya mtu ambaye hajafika ndiyo inayosomwa mwisho.